Mshale wa Joto wa Pikipiki ya Sista

Jumatatu, 2 Julai 1984

Leo nimeuponya mshale wa joto wa pikipiki ya Sista Febronia. Kwa mkono mmoja! Kutoka hapa Runzewe mpaka Chato hakuna fundi mwingine ambaye angeweza. Wale Wazungu wa mgodini Geita wangekuwepo bado, wangenivulia kofia.

Haya. Nimeusoma mstari huo tena, nimecheka mpaka mke wangu Mektilda akauliza kutoka jikoni nimekula nini. Daftari hili halisomwi na mtu. Sasa namdanganya nani? Ukweli ni kwamba niliipiga ile geji ngumi. Mshale ukaruka, ukalala chini kabisa, watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama askofu. Sista akawasha, akaenda maili nane njia ya Ushirombo, akarudi. Mshale palepale kwenye wekundu! Na mgodini sikuwa fundi. Nilikuwa mtu wa kupaka grisi. Miaka kumi na moja, grisi tu.

Niandike mambo yalivyo, labda nikiyaona kwenye karatasi nitayaelewa.

Pikipiki ni ya Kiingereza, ina umri mkubwa kuliko Sista mwenyewe. Padri mmoja aliiachia zahanati alipokwenda kwao kufa. Mimi ndiye niliyeifanya ilivyo sasa. Kiti nimekishona kwa ngozi ya ng'ombe. Ubavuni nimeifungia kigari cha mbao cha kubebea sanduku la chanjo. Na mwaka huu nimeiwekea geji ya joto, niliyoing'oa kwenye trekta la kijiji, lile lililokufa likiwa bado linanuka rangi. Ncha yake ya shaba imezama kwenye tangi la oili. Kutoka kwenye ncha unapanda mrija wa shaba mwembamba kama ubua wa mtama, mpaka kwenye uso wa geji pale usukani. Kijani — nenda. Nyekundu — simama.

Sista ndiye aliyetaka. Mwaka jana injini ilinoki, ikakwama kwa joto katikati ya pori, njia ya Nyamalulu. Pistoni tuliisubiri miezi sita. Akasema hapandi tena kitu ambacho hakimwambii kina homa au hakina.

Sasa kinamwambia. Kila maili saba kinamwambia! Alhamisi iliyopita alikuwa anapeleka chanjo ya surua Nyamalulu. Akasimama mara nne kungoja injini ipoe. Nusu saa, nusu saa, juani. Alipofika, barafu imekuwa maji, na maji yamekuwa vuguvugu. Chanjo ya surua ikishapata joto ni maji ya bure. Akaimwaga chini mbele ya akina mama waliotembea tangu alfajiri. Wanasema alilia. Siamini, Sista halii. Lakini alirudi hanitanii, na hilo ni baya zaidi.

Nikamwambia apuuze huo mshale, azibe uso wa geji kwa plasta. Akaniuliza: na kama unasema kweli, Babu? Injini ikinoki safari hii, pistoni nyingine haipo nchi nzima.

 Ndiyo maana ile ngumi.


Jumanne, 3 Julai

Dereva wa lori la pamba ameleta salamu za mjukuu wangu Anisia, aliyeolewa Nyamalulu. Surua imeingia kitongoji jirani na chake. Watoto wawili wamezikwa wiki moja. Mwanawe Telesphori, kitukuu changu, ana miezi tisa na meno mawili. Alikuwa kwenye foleni ile. Alirudishwa nyumbani bila chanjo.

Nikamtuma dereva aseme: mlete mtoto huku.


Jumatano, 4 Julai

Jibu la Anisia, kama dereva alivyolisema: pamba iko shambani, mama mkwe hataki, na hata nikija, babu, watoto wa majirani zangu nao niwabebe?

Huyu ana mdomo wa bibi yake.


Alhamisi, 5 Julai

Leo akili, si ngumi.

Nimewaza hivi: kama geji inasema uongo, nitaipa kitu ambacho joto lake nalijua. Nini? Maji! Darasa la nne mwalimu alitucharaza mpaka tukaimba usingizini: maji huchemka kwa digrii mia moja. Nikaleta pikipiki uani, nikaitoa ile ncha kwenye tangi la oili, nikaitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Mektilda akasimama karibu na ndoo ya mchanga. Akasema petroli ikishika moto ataokoa kuku kwanza, halafu mimi.

Maji yakatokota. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama. Tisini na sita.

Nimekukamata! Mwongo wa digrii nne! Nikafungua kioo, nikaushika mshale kwa koleo dogo la Mansukhlal mwenye duka, nikausogeza mpaka mia. Pole pole, kama kumtoa mtoto mwiba. Nikafunga kioo, nikanywa chai mbili.

Chai ya pili ndipo wazo likaniingia. Kama mshale ulikuwa unapunguza, basi injini ni moto kuliko tulivyodhani. Nikaliambia wazo hilo lilale.


Jumamosi, 7 Julai

Aibu.

Sista alikwenda kuijaribu. Safari hii wekundu maili ya tano, si ya saba. Akarudi, akazima, akavua miwani ya vumbi. Shikamoo, Babu. Marahaba. Halafu:

"Umeiponya au umeiongezea homa?"

Nikamweleza habari ya maji na mia moja. Nikasema hilo hata Papa analijua.

"Papa yuko chini, Babu, karibu na bahari. Sisi tuko juu."

Nikadhani ananidharau. Kumbe anafundisha. Chuo cha uuguzi waliambiwa: kadiri unavyopanda juu ya nchi, maji yanachemka mapema kabla hayajafika mia. Ndiyo maana yeye sindano zake anazichemsha muda mrefu kuliko kitabu kinavyosema. Akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Hapa Runzewe, akasema, ni kama tisini na sita.

Tisini na sita!

Kwa hiyo mshale ulikuwa unasema kweli. Mimi ndiye niliyeufundisha uongo, kwa koleo la kuazima.

Nimewaza yule mwalimu wa darasa la nne. Viboko vile nani atanirudishia?


Jumapili, 8 Julai

Misa. Nikasinzia. Mektilda akanifinya. Padri alikuwa anasema juu ya unyenyekevu, basi nikajifanya nilikuwa natafakari.


Jumatatu, 9 Julai

Mshale nimeurudisha mahali pake. Nimechemsha maji tena — tisini na sita, barabara. Geji ni nzima kabisa.

Sasa ndiyo nimechanganyikiwa. Geji nzima. Injini nayo haina dalili ya ugonjwa. Oili haijaungua, hainuki, mlio wake mtulivu kama wa mtu aliyeshiba. Nimeilazia sikio langu lile moja linalosikia. Na bado ikifika njiani, wekundu!

Sista alikuja jioni. Hakukaa. Akasema chanjo nyingine inafika Jumanne ya tarehe 17 kutoka Geita, na Alhamisi ya tarehe 19 lazima iwe Nyamalulu. Friji ya zahanati inatumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa yaliyobaki hayamalizi wiki. Kwa baiskeli ni siku mbili, barafu haifiki.

"Babu, niambie kitu kimoja tu. Ni moto au si moto?"

Nikasema sijui. Neno hilo sijalizoea. Limetoka kama jino.


Jumatano, 11 Julai

Nimejua. Heri nisingejua.

Nilikwenda kumrudishia Mansukhlal koleo lake. Nilikwenda na pikipiki nikiisukuma, maana petroli ni ya kibali na kibali ni cha Sista. Mansukhlal alizaliwa Shinyanga, Kisukuma chake kitamu kuliko changu, na siku hizi dukani kwake kuna viberiti, chumvi na malapa ya mguu wa kushoto. Tunakaa barazani tunatukanana mpaka jua lipungue. Miaka thelathini sasa.

Akatoka na birika la chai. Akaanza kuyasifia madodi yangu, kama kila siku.

Sijaandika habari ya madodi. Niandike.

Ule mrija wa shaba ulikuwa mrefu mno. Kwenye trekta una safari ndefu, kwenye pikipiki hapana. Ulibaki kama pima moja na nusu. Kuukata huwezi. Ndani yake mna kitu cha majimaji kinachosukuma mshale, ukikata umekufa. Sasa mrija uliobaki utaupeleka wapi? Mtu mwingine angeufunga furushi kwa kamba. Mimi mama yangu alivaa madodi, vikuku vya waya wa shaba, miguu yote miwili, kutoka kifundoni mpaka karibu na goti. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa anayavingirisha, na mimi nikiwa na miaka saba nilimshikia waya. Waya ukibaki hauuachi uning'inie, alikuwa akisema, unauzungusha ung'ae. Basi nikauzungusha. Kwenye bomba la fremu, mbele ya injini, pale kila mtu atakapoona. Mizunguko kumi na tatu, imebanana, hakuna unywele unaopita. Watu walikuja kutazama! Sista mwenyewe alisema inapendeza.

Sasa Mansukhlal, akitafuta pa kuweka birika aingie ndani kuchukua bilauri, akaliegemeza pale. Juu ya madodi. Injini imelala tangu asubuhi, baridi kama chura.

Mshale ukaamka.

Arobaini. Sitini. Themanini.

Mansukhlal akatoka na bilauri mbili, akasimama.

"Leodgar."

"Nini?"

"Umeona?"

"Sijaona. Macho yangu mabovu."

"Birika langu limeshikwa na homa ya injini."

Akaliondoa. Mshale ukashuka taratibu. Akalirudisha. Ukapanda. Alifanya hivyo mara tatu, mwanaharamu yule, ananitazama mimi, si mshale.

Kumbe mrija nao unasikia joto! Si ncha peke yake. Na madodi yangu yako wapi? Kidole kimoja kutoka bomba la moshi. Bomba la moshi likipata moto linayapika, na mshale unasema nyekundu, na Sista anasimama.

Mara nne alisimama siku ile. Injini haikuwa na kitu. Alisimamishwa na urembo wangu.

Mansukhlal akauliza nitamwambia lini. Nikamuuliza nani. Akasema: nakupa mpaka Jumamosi, maana mke wangu Maniben ameona yote dirishani, na Maniben akienda sokoni Jumapili, mji mzima umejua.

Chai sikuimaliza.


Ijumaa, 13 Julai

Nimemtumia Sista neno kwamba mgongo unauma. Mgongo hauumi.

Asubuhi nilijaribu kuyavika madodi magunia, niyalinde na joto bila kuyavua. Nikawasha kidogo nione. Fremu yenyewe inapitisha joto, magunia hayasaidii kitu. Yameanza kunuka, Mektilda akaja mbio na ndoo yake ya mchanga. Akaniuliza nahangaika na nini. Nikamwambia. Akayamwagia magunia mchanga. Halafu akasema nile kwanza.

Dereva wa lori kapita. Kule wamezika wa tatu. Telesphori ni mzima. Bado mzima, ndivyo alivyosema. Sikulipenda hilo neno bado.


Jumamosi, 14 Julai

Nimemwambia.

Alikuwa anaanika nguo zake nyeupe nyuma ya zahanati. Sabuni hakuna, amefulia majivu ya maganda ya ndizi, na bado nyeupe kuliko roho yangu. Shikamoo, Babu, mgongo? Nikasema mgongo ulikuwa uongo. Nikasema na madodi. Nikasema yote, na birika, na Maniben, na mara nne, na chanjo kumwagika. Sikuchomeka mzaha hata mmoja. 

Akaendelea kuanika. Shuka moja. Shuka la pili. Kibanio kikamponyoka, nikakiokota, nikampa.

Nilitaka anitukane. Nikamwambia hivyo: Sista, nitukane, nitapata nafuu. Akasema hajui kutukana. Nikampa maneno mawili matatu ya kuanzia. Akaziba mdomo kwa shuka, sijui alicheka, sijui alilia.

Kisha akauliza neno moja tu:

"Inafumuka?"

Nikasema shaba iliyokwisha kukunjwa inakuwa ngumu. Ukiinyoosha kwa pupa inapasuka, na ikipasuka geji imekufa, hatutajua kitu tena. Akauliza nani ana mikono ya kazi hiyo. Nikaitazama yangu. Inatetemeka kama ya mlevi, na mwezi mzima sijaonja kitu.

Akaitazama naye.

"Mama Cornel je?"

Mama Cornel ni Mektilda. Cornel ni kifungua mimba wetu, yuko Mwanza, haandiki.


Jumapili, 15 Julai

Mektilda amekubali, kwa masharti. Nisiseme neno, nisishike kitu, nikae upande wa pili wa pikipiki.

Mektilda amefumua vichwa vya wanawake wa mji huu miaka arobaini. Anajua kufungua msuko uliobanana bila kung'oa unywele. Akakaa kwenye kigoda, akapaka mrija mafuta ya karanga, akaanza kwa ukucha wa kidole gumba. Hakunyoosha. Aliuacha ufuate mkunjo wake, akaulegeza kidogo, akaupitisha nyuma, akaulegeza tena. Saa moja, mzunguko mmoja. Saa ya pili, wa pili.

Akasema:

"Umesuka wewe, nafumua mimi. Maisha yote hivyohivyo."

Nilitaka kujibu. Nikakumbuka masharti.

Mizunguko minne leo.


Jumatatu, 16 Julai

Mizunguko mitano. Sista amekuja baada ya sala ya jioni, akamshikia taa. Wanawake wawili wamezunguka mguu wa pikipiki kama wanamfunda mwari, na mimi nimefukuzwa hata upande wa pili, nimekaa na kuku. Nikawasikia wanacheka. Nikauliza wanacheka nini. Mektilda akasema wanacheka mambo ya watu wazima.


Jumanne, 17 Julai

Chanjo imefika na gari la Geita. Nimeliona sanduku linaingizwa kwenye friji. Dogo! Watoto sitini wamo humo, Sista amesema, ukihesabu vichupa.

Jioni Mektilda amefika mzunguko wa kumi na moja. Akaushika wa kumi na mbili, akaulegeza, na mrija ukalia. Tii! Sauti ndogo, kama kijiti cha kiberiti kinavunjika.  Sista akatazama mshale. Haujaanguka.

Mektilda akaondoa mikono pole pole, akaipangusa kwenye khanga.

"Hapa mimi basi."

Imebaki miwili.  Ule uliofumuliwa tumeupitisha mbali, chini ya kiti, umening'inia vibaya kama utumbo wa mbuzi. Sijawahi kutengeneza kitu kibaya hivyo. Mjomba angenifukuza.


Jumatano, 18 Julai

Jaribio. Maili saba — kijani! Maili kumi — kijani! Sista alirudi anapiga ile honi ya mpira tangu kwenye daraja. Watu wakadhani harusi.

Lakini hiyo miwili iliyobaki. Tumekwenda kwa Mansukhlal, tumemwomba birika. Injini baridi, birika juu ya mizunguko miwili. Mshale ukapanda kidogo, kama digrii nane.

Sista akauliza: kwa hiyo ukisema mia, ni tisini na mbili?

Nikasema, au tisini na tano. Birika si bomba la moshi. Mlimani, na gia ndogo, bomba linawaka zaidi.

"Kwa hiyo mshale ukigusa wekundu, bado tuna nafasi kidogo."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Babu?"

Nikasema kidogo. Sikuweza kumdanganya tena, nimechoka na kazi hiyo.

Akafikiri. Akasema kesho nipande naye, kwenye kigari, niutazame mshale wakati yeye anatazama njia. Mektilda akasema mzee huyu mifupa yake itarudi kwenye gunia. Nikasema heri gunia kuliko kukaa hapa namsikiliza Maniben.


Alhamisi, 19 Julai

Naandika kando ya njia, daftari juu ya goti. Mwandiko mbaya, mkono umejaa vumbi.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi kwenye kigari, sanduku la chanjo katikati ya miguu kama mtoto mchanga. Baridi ya Julai, meno yalipigana. Maili saba tukapita. Pale pale aliposimama mara ya kwanza siku ile! Akaninyooshea kidole nione. Kijani. Maili kumi na nne, kijani. Nikaimba. Akasema Babu, nyamaza, nausikiliza mlio wa injini.

Jua likatoka. Mchanga ukaanza. Ukaja ule mlima mrefu kabla ya Nyamalulu, uliokatwa na mvua za masika, mtu unakwenda kama unapanda ngazi. Gia ya kwanza. Mvumo. Mshale ukaondoka kwenye kijani. Nikasema unapanda. Akasema naona. Tulipofika nusu ya mlima ukagusa wekundu, ukakaa.

Akasimama. Hakuzima. Akafungua sanduku kidogo tu, akalifunga haraka. Barafu imebaki vipande, akasema, kama mayai. Itadumu saa moja na nusu. Labda mbili.

Mbele yetu mlima, halafu mteremko, halafu maili mbili tambarare. Tukikaa nusu saa, barafu haitatosha kuchanja foleni yote. Tukiendelea na mshale ukawa unasema kweli, injini inakwenda, na si leo tu, mwaka mzima unakwenda, na watoto wote wa huku wanabaki na surua yao.

"Babu. Wewe ndiye unayeijua hii. Twende au tungoje?"

Nikashuka. Nikafanya kile kimoja ninachokijua kweli, ambacho wapaka grisi mgodini hatukufundishwa na kitabu. Nikatema mate kwenye tangi la oili. Samahani, Sista. Kama chuma kimepita kiasi, mate yanachemka na kuruka. Haya hayakuruka. Yakatanda, yakakauka taratibu.

"Bado," nikasema. "Bado ina pumzi. Lakini kwa mzigo huu haifiki juu nayo."

"Mzigo gani?"

Nikamwonyesha mzigo. Mzigo umevaa koti na kofia. Nikatoa na begi la spana, na debe la maji, na lile gurudumu la akiba, vyote chini. Akasema siwezi kukuacha porini, Babu, na mshale ataniangalizia nani? Nikamwambia mshale sasa unajitazama mwenyewe, nimeuondolea urembo. Apunguze nane kichwani, asiogope mpaka mshale uingie ndani ya wekundu upana wa kidole.

Akasema atanirudia mchana. Nikasema arudi usiku akitaka, mimi na fisi tunafahamiana.

Alipokuwa anaweka gia, nikashika usukani. Nikamwambia: Sista, mtu mzima kushuka kwenye usafiri wa bure si jambo dogo. Sasa nakudai. Ukifika kileleni na injini ni nzima, minya honi. Mara moja. Huku chini nitasikia, nimebakiwa na sikio moja lakini ni zuri.

Akanitazama. Akasema: "Basi lielekeze huku." Akaondoka.

Vumbi limekaa sasa. Nimeusikia mlio mpaka kwenye ile kona ya mawe. Ukawa mzito. Ukawa mwembamba. Sasa siusikii. Ama amevuka, upande wa pili unameza sauti. Ama amesimama.

Nimesimama mimi pia. Sasa naandika nikiwa wima, nimeligeuza sikio.

Huko upande wa pili Anisia yuko kwenye foleni na Telesphori mgongoni. Naomba awe mbele. Hapana. Awe popote, foleni yote ifikiwe.

Ndege wengi. Ndege wamekuwa wengi ghafla, nyamazeni!

Sista, nakudai. Honi moja tu. Iminye, mayu, mama yangu.